UZI: Ngao ya ukutani. Tuzo za utalii wa kijani zilitoka wapi, na mbona wanasiasa wanazipenda hivi

Sheria zetu mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, tunachambua hoja yenyewe. Leo ni hoja ya tuzo za utalii wa kijani, ambayo haikosi kwenye mdahalo wowote unaogusa mbuga, hoteli ama tabianchi.

Kawaida inaenda hivi. Mmoja anasema, "Utalii wetu unalinda mazingira, ushahidi ni tuzo tulizoshinda." Mwenzake anacheka, anamjibu, "Si hizo tuzo mnanunua?" Ukumbi unawapigia makofi wote wawili, mwendeshaji anaruka kwa bei ya unga, imeisha hiyo. Hakuna aliyeuliza ni tuzo gani, ilitolewa na nani, ilipima nini, na mkaguzi alilipwa na nani.

Na si kitu kidogo. Ngao ikishatundikwa ukutani inapandisha bei ya chumba, inavuta wafadhili, inaingia kwenye hotuba ya bajeti. Wakati mwingine inafika hadi kwenye baraza la chifu, kuwaambia wachungaji kwamba watu wanaowazuia kulisha pale ni watu wema, dunia nzima imewasifu.

Tuanzie mbali kidogo. Kiingereza hutumia neno moja kwa pembe ya mnyama aliyeuawa na kwa kombe la mshindi. Sisi tunatenganisha: ile ni nyara, hii ni tuzo. Lakini kwa historia ya utalii wa Kenya, vitu hivi viwili vimekaa karibu kuliko tunavyopenda kukubali.

Ukitoka Chuo Kikuu cha Nairobi ukavuka barabara unapata Norfolk, hoteli iliyofunguliwa 1904. Ndiyo ilikuwa stendi ya misafara ya uwindaji. Mwaka 1909 alifika rais mstaafu wa Marekani pamoja na mwanawe, na kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na faru 20. Sasa sikieni: safari ile haikuitwa burudani. Ilikuwa chini ya jumba la makumbusho la Smithsonian, na mizoga ilihesabiwa kama vielelezo vya sayansi. Vielelezo vilikuwa vya kweli, viko Washington mpaka leo. Ila mnaona jinsi jina zuri la taasisi lilivyofanya kazi. Lilifanya starehe ya mtu mmoja ionekane huduma kwa binadamu wote, na hiyo ni miaka mingi kabla ya watu kuanza kusema "utalii endelevu".

Desemba 16, 1946 ikaja Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ya kwanza Kenya, kilomita za mraba 117 hivi. Kuna kisa maarufu kwamba mhasibu mmoja mlowezi aliyeipigania mbuga hiyo alituma barua gazetini kwa jina bandia, akipendekeza wanyama wote wauawe, ili tu watu wakasirike na kuanza kudai wahifadhiwe. Ilifanya kazi. (Wale mnaosema propaganda imeletwa na mitandao, pole.) Waliopoteza ni wafugaji Wamaasai waliokuwa wakilisha pale, na hao hawakuandika barua gazetini.

Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wa kitalii, na mwaka uliofuata biashara ya nyara ikafungwa. Kuanzia hapo mgeni aliyekuja Kenya hakuweza tena kurudi kwao na pembe. Angerudi na picha, na kwa wenye mahoteli picha ina shida moja: haimwambii mteja ajaye kwamba loji yako ni bora kuliko ya jirani. Wote wana simba yuleyule. Hapo ndipo cheti kilipopata soko.

Kwingineko duniani mambo yalikuwa yakienda sambamba. Mwaka 1986 Mmarekani anayeitwa Jay Westerveld aliandika kuhusu vile vikadi vya hotelini vinavyomwomba mgeni atumie taulo tena "ili kuokoa mazingira". Hoja yake ilikuwa kwamba hoteli inaokoa pesa ya dobi huku ikiendelea kujenga na kupanuka pwani bila kujali. Kutokana na andiko hilo ndiyo tukapata lile neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili naona tuseme tu kujipaka kijani. Mwaka 1992 dunia ikakutana Rio kuhusu mazingira, na 1994 wakubwa wa biashara ya utalii wakaanzisha lebo yao wenyewe, Green Globe. Miaka ya mwanzo kampuni ingeweza kujiunga na kuonyesha nembo kwa sababu ya kuahidi kuboresha, si kwa sababu imekaguliwa. Ndiyo maana wasomi wa utalii waliikosoa sana, na baadaye ikabidi ibadilishwe iwe na ukaguzi.

Hapa kwetu, chama cha wadau wa utalii wa mazingira, leo Ecotourism Kenya, kilianzishwa 1996. Mwaka 2002, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Utalii wa Mazingira, kikazindua mpango wa kupima hoteli, loji na kempu: shaba, fedha, dhahabu. Ulikuwa wa mapema mno kwa Afrika.

Angalieni miaka hiyo lakini. Agosti 1997 kulikuwa na ghasia za Likoni kabla ya uchaguzi, hoteli za pwani zikabaki tupu. Agosti 1998 bomu likalipua ubalozi wa Marekani hapa tao. Serikali ilikuwa imebanwa na masharti ya wakopeshaji, kuajiri wakaguzi wapya ilikuwa ndoto. Kwa hiyo kazi ambayo ingekuwa ya serikali, yaani kuangalia maji taka ya loji yanaenda wapi na kuni zinatoka msitu gani, ikafanywa kwa hiari na wadau wenyewe. Hii kwa somo letu inaitwa udhibiti wa hiari, na serikali za kila rangi huupenda kwa sababu moja rahisi: hauhitaji bajeti. Mheshimiwa anapanda jukwaani kukabidhi ngao ambayo hakuilipia, kwa kazi ambayo ofisi yake haikuifanya.

Lakini msikimbilie kusema ni bure. Mpango ule wa 2002 una kitu ambacho tuzo nyingi hazina: hoteli inajaza fomu ya kujitathmini, kisha watu wanakuja kuangalia, kisha kamati inaamua, na cheti kina muda. Kikiisha, unakaguliwa upya.

Binamu yangu anafanya kazi ya vyumba kwenye hoteli moja Westlands, siitaji. Aliniambia wiki ya ukaguzi mapipa ya rangi tatu huonekana koridoni, taka za jikoni huku, chupa huku, karatasi huku. Wakaguzi wakishaenda, lori moja linabeba zote pamoja. Nikamuuliza basi tuzo ina maana gani. Akasema wacha, zile taa za kuzimika ukitoa kadi ya chumba ziliwekwa kwa sababu ya ukaguzi, maji ya moto ya jua pia, na mafunzo ya usalama wa kemikali alipata kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akiosha vyoo na dawa ambayo hakujua inaitwaje. Nimelifikiria jibu lake zaidi kuliko vitabu viwili vya kozi.

Sasa linganisha na tuzo za aina ya pili, zile za "bora Afrika", "bora duniani". Nyingi huendeshwa kama biashara. Hoteli inateuliwa ama inajiteua, inalipa ada ya kushiriki, watu wanapiga kura mtandaoni, kisha usiku wa sherehe meza zinauzwa na mshindi ananunua haki ya kutumia nembo. Vitengo ni vingi kiasi kwamba ni vigumu kurudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyeenda kuangalia shimo la maji taka. Hii haimaanishi ni uhalifu. Ni matangazo, na matangazo yana mahali pake. Kosa ni la anayeileta kwenye mdahalo kama ushahidi wa mazingira.

Njia moja ya kuzitenganisha ni kuuliza: hii tuzo, mtu anaweza kuikosa? Mfano mzuri wa hapa nyumbani hauhusu hoteli kabisa. Chama cha waongoza watalii, KPSGA, nacho kina shaba, fedha na dhahabu, lakini kule ni mtihani. Unakaa chini unaulizwa ndege, mimea, nyayo, jiolojia, sheria. Watu wanafeli. Wenye dhahabu nchi nzima ni wachache sana, na dereva wa gari la watalii akikuambia ana fedha, anakuambia kitu kuhusu kichwa chake, si kuhusu mfuko wa tajiri wake.

Swali la pili: je, tuzo inapima kitu ambacho sheria tayari inalazimisha? Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake zinataka mradi kama hoteli ufanyiwe tathmini kabla ya kujengwa na ukaguzi kila mwaka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Tangu Juni 5, 2020 huruhusiwi kuingia na plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga na maeneo mengine yanayolindwa. Kwa hivyo ukisikia kempu imetunzwa kwa kuachana na chupa za plastiki ndani ya mbuga, hiyo ni tuzo ya kutii sheria. Ni kama kumpa dereva wa matatu cheti kwa kusimama kwenye taa nyekundu. (Haya, kwa Nairobi labda anastahili.)

Zanzibar kuna mfano ambao wapinzani wa tuzo huona vigumu kuujibu. Kisiwa cha Chumbe kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, kikiendeshwa na kampuni binafsi. Mabanda ya wageni ni saba tu. Paa zinavuna maji ya mvua, vyoo havitumii maji, umeme ni wa jua, na walinzi wa matumbawe ni wavuvi waliofunzwa. Mwaka 2000 UNEP, ambao makao yao yako hapa Gigiri, waliiingiza Chumbe kwenye orodha yao ya heshima ya Global 500. Ile tuzo ilikuja baada ya kazi, si kabla, na ukifika kisiwani unaweza kuangalia kila kitu kwa macho yako: paa liko, choo kiko, tumbawe liko.

Il Ngwesi nayo, kule Laikipia. Ranchi ya pamoja ya Wamaasai waliojenga loji yao 1996, ikawa mali ya jamii yenyewe, na mwaka 2002 wakapata Tuzo ya Equator ya UNDP. Kwa wafugaji ambao historia nzima ya uhifadhi iliwaona kama tatizo, kuitwa mbele ya dunia kama watu waliohifadhi si jambo la kupuuza. Nadhani hapa ndipo wale wa "tuzo ni risiti" wanakosea kabisa. Kwa mnyonge, tuzo inaweza kuwa ngao ya kweli, ya kujikinga.

Mkitaka ushahidi mkubwa zaidi, mkumbuke yule mama wa Green Belt Movement (aliwahi kuwa mbunge, kwa hivyo sheria ya uzi inanizuia kumtaja). Mwaka 1989 alipinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Mwaka 1991 alipewa Tuzo ya Goldman. Miaka iliyofuata alikamatwa, na Januari 1999 alipigwa akijaribu kupanda mti Karura. Nobel ilikuja 2004. Tuzo hazikumzuilia rungu, lakini zilihakikisha kila rungu linaandikwa kwenye magazeti ya nje. Leo watu wa Parklands na Runda wanakimbia asubuhi ndani ya Karura na watalii wanalipa kiingilio, na hakuna ngao ya hoteli yoyote iliyochangia hilo.

Shida kubwa iko kwa kile ambacho tuzo haikipimi kabisa: ardhi ni ya nani, na alikubali nani.

Hifadhi za jamii za kaskazini zilisifiwa kimataifa kwa miaka mingi kama mfano wa kuigwa. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili chini ya Northern Rangelands Trust, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Kesi ilipelekwa na wenyeji. Eneo hilo pia limo kwenye mradi wa kuuza hewa ya kaboni, na shirika la kuthibitisha, Verra, liliusimamisha mradi kwa muda 2023 ili uchunguzwe, kisha tena baada ya hukumu. Fikirieni hilo kidogo. Wakaguzi wa vyeti walikuwa na miaka, bajeti na ndege. Waliofika kwenye swali la msingi, yaani kama baraza la watu wote liliitwa na likakubali, ni wafugaji na wakili wao.

Kwa upande mwingine kuna hifadhi kama Mara Naboisho, ya 2010, ambapo mamia ya wenye ardhi wana hati zao na wanaikodisha ardhi kwa malipo. Naboisho imeshinda tuzo pia. Kwenye karatasi ya mkaguzi, hizi aina mbili zinaweza kupata alama zinazokaribiana: wanyama wako, askari wako, shule imejengwa. Tofauti iko kwenye rejista ya ardhi, na fomu nyingi hazifiki huko. Ndiyo maana mtu akitaja tuzo ya hifadhi kwenye mdahalo, swali langu la kwanza siku hizi ni kama ardhi hiyo imesajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Wengi hukasirika wakiulizwa.

Na hapa Nairobi? Hili jiji lilijiita "Jiji la Kijani chini ya Jua" tangu enzi za ukoloni, jina la heshima ambalo halikupewa na yeyote, lilijipa. Mbuga yetu ndiyo ile ambayo pembe za ndovu tani 12 zilichomwa 1989 na tani 105 mwaka 2016, picha zikazunguka dunia. Katikati ya hapo, mwaka huohuo wa 2016, baraza la rufaa za mazingira lilitoa amri ya kusimamisha reli ya SGR isipite ndani ya mbuga. Mwaka 2018 nguzo zikaanza kusimamishwa hata hivyo, na Oktoba 2019 treni ikaanza kupita kwenye daraja la kilomita sita hivi juu ya twiga. Ukiwa Lang'ata upande wa mbuga unaliona. Mwaka 2020 rasimu ya mpango wa mbuga ikaleta pendekezo la hoteli ndani, wananchi wakapiga kelele. Katika miaka hiyo yote nchi haikukosa tuzo za utalii. Tuzo zinapima hoteli moja moja, kempu moja moja. Reli haijazi fomu ya kujitathmini.

Jambo la mwisho, la karibuni, na mimi nalifuatilia kwa sababu litaumiza watu wasiotarajia. Umoja wa Ulaya umepitisha agizo, namba 2024/825, linaloanza kutumika Septemba 27, 2026. Kwa ufupi: huwezi kumwonyesha mteja wa Ulaya lebo ya uendelevu isiyotokana na mfumo wa uthibitishaji wenye ukaguzi huru, ama mamlaka ya umma. Maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" bila ushahidi hayakubaliki. Kusema bidhaa yako haina madhara ya kaboni kwa sababu ulinunua hewa ya kaboni mahali, hapana.

Ngao nyingi za ukutani hazitavuka kizingiti hicho, na kwa hilo sitalia. Lakini ukaguzi huru una bei, na mwenye kempu ya kifahari yenye wawekezaji nje atailipa kama anavyolipia mafuta ya jenereta. Loji ya ranchi ya pamoja, yenye wanahisa mia kadhaa wanaogawana kilichobaki baada ya karo za shule, itailipa kutoka kwa karo hizo. Kuna wanaosema kaunti zigharamie ukaguzi wa loji za jamii. Wengine wanasema hapo ndipo siasa itaingia kwenye cheti moja kwa moja, gavana akichagua nani akaguliwe. Mkisikia mgombea ana msimamo juu ya hili, mniandikie, kwa sababu mpaka sasa sijamsikia hata mmoja.

Waliouliza kuhusu eCitizen na kiingilio cha Karura: huo ni uzi wa wiki ijayo. Niambieni hapo chini kama nianze na ule mvutano wa 2025 ama nirudi nyuma hadi wakati uzio ulipojengwa.